Kwa Baba Yetu Zacheus Nyang'au, Aliyeinua Madigadi

Kila jioni saa kumi na moja Mama alikuwa akiinjika maji ya kukuoshea matope miguuni, Baba, na kabla hayajaanza kutoa mvuke tulikuwa tumekwisha kusikia pikipiki yako ikiteremka kutoka Sosiot. Mwaka mmoja umetimia tangu jioni ile maji yalipochemka mpaka yakapungua, na kilichoingia uani kikawa Landrova ya chama. Dereva hakuzima injini. Alisema, "Pole, mama. Mzee ameanguka," kisha akatazama usukani, nasi tukajua.

Kwa miaka kumi na minne ulikuwa mpandishaji ng'ombe wa chama cha maziwa. Wakulima waliwafunga ng'ombe wao kwenye vizuizi vya mbao kando ya barabara wakakungoja uje na chupa yako ya mbegu za fahali iliyolazwa kwenye barafu. Hukumshika ng'ombe kabla ya kuuliza jina lake. Ulinawa mpaka viwiko, kabla na baada, hata pale ambapo maji yalikuwa ya kuombwa.

"Fahali amefika!" Mama Tabsabei alipenda kukupigia kelele. "Na leo amevaa koti la mvua!"

"Punguza sauti, mama," ulimjibu. "Utamtia ng'ombe wako haya, akatae."

Lakini kuchelewa hukukufanyia mzaha. Ulitueleza mezani kwamba ng'ombe akiwa kwenye joto hangoji kesho. Ukimkosa leo, mwenye ng'ombe anakaa wiki tatu nyingine kabla ya kujaribu tena, na watoto wake wanakaa bila maziwa.

Ndiyo maana uliichukia pikipiki ile siku walipokukabidhi. Chama kiliipata kwa bei rahisi kwenye mnada wa vifaa vikuukuu vya jeshi. Ilikuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba, imeundwa kwa barabara za lami, na sisi huku lami tunaipita tukienda Kericho tu. Mwezi wa kwanza ilikuangusha mara tisa. Ulikuja ukichechemea, ukasema, "Ama nitaibadilisha hii, ama itanibadilisha."

Basi wewe na ndugu yako Mokaya, fundi wa chama, mkatandika gunia nyuma ya jikoni, Jumapili baada ya Jumapili. Mliyatoa yale masanduku ya chuma ya ubavuni. Mkafunga gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi, ikapunguza mbio lakini ikapanda mlima bila kulia. Ekzosi mkaipandisha isimeze maji ya mito, na Mama akaishonea ngozi ili isikuunguze mguu. Chini ya injini mkaweka bamba lililokatwa kwenye sahani ya plau, kukinga mawe.

Madigadi ya mbele ndiyo uliyoifikiria kuliko vyote. Udongo wetu mwekundu ukilowa unanata kama ugali, na ukijaa kati ya tairi na madigadi iliyokaa chini, gurudumu linashikwa. Uliitoa ile ya chuma, ukakata nyingine kwenye debe, ukaining'iniza ngumi mbili juu ya tairi. Ilionekana kama kofia ya mlevi. Lakini matope yalipita chini yake, nawe ukapita juu yake. Binti yako Drusilla, wakati huo yuko chuo cha ualimu, aliona haya akakuomba umshushe kabla ya sokoni. Ulimshusha, ukacheka, ukampa mkoba wake. Siku hizi anailia safari ile fupi.

Miaka mitatu pikipiki hiyo haikukulaza njiani hata mara moja.

Kisha wageni wakaja kukagua mali ya chama, na meneja akakuita uani mbele ya watu wote.

"Nyang'au, hii ni pikipiki ya chama ama ni jini?"

"Ni pikipiki, bwana. Nimeirekebisha kwa ajili ya matope."

"Sikukuuliza matope. Mpaka Ijumaa, kila kitu kirudi kilivyokuwa. Kila kitu!"

Nawe, Baba, ukasema, "Sawa, bwana." Hilo nalo tunalisema hapa, kwa sababu hasira yetu haikukuruka hata wewe. Wewe uliyekuwa ukibishana na chifu kuhusu mpaka wa shamba ukasema "sawa, bwana" kwa mtu ambaye hajawahi kuvuka mto kwa pikipiki. Mokaya akarudisha vyote. Alipokaza nati ya mwisho ya madigadi ya chuma alikutania kwamba sasa inang'aa kama ya gavana, mkacheka wote wawili.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatano iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ulikuwa ukiteremka kwenda kwa Mama Tabsabei, ng'ombe wake yuko kwenye joto, na katikati ya mteremko gurudumu la mbele likashikwa, pikipiki ikakupindukia. Yeye ndiye aliyekufikia wa kwanza. Alituambia wanaume wawili walijaribu kuisukuma ikakataa, mpaka walipoyachokoa matope ya madigadi kwa panga.

Chama kiliandika nini? Kiliandika kwamba marehemu alikuwa na tabia ya kuchezea pikipiki. Karatasi hiyo ikabandikwa ukutani ofisini ili wapandishaji wapya wajifunze. Kila Mama alipokwenda kupeleka maziwa aliipita ikiwa na jina lako juu. Wamekuondolea uhai, kisha wakakuondolea jina, na sisi kwa adabu zetu tukanyamaza mwaka mzima.

Tunaokukumbuka ni mke wako Bilhah, ambaye bado anainjika maji saa kumi na moja asijue ya nini, binti zako Drusilla na Mellen, mwanao Danson, dada yako Nyambeki wa Londiani, na ndugu yako Mokaya. Hutatutoka moyoni, na hatutakutaja tena kwa kunong'ona.

Jina la Mokaya hatukuwa tumeliweka katika orodha hii. Mwaka mzima alikuja nyumbani, akanywa chai, akasema ni mapenzi ya Mungu, akaenda, na Mama akakiosha kikombe chake. Tumeliweka kwa sababu ya Jumamosi iliyopita, kwenye mkutano mkuu wa chama. Meneja alikuwa akiwaonyesha wanachama wapandishaji wawili wapya. Akawaambia, "Kulikuwa na mzee mmoja hapa alijifanya injinia. Mnajua alikoishia."

Watu wengine walicheka. Mama alitazama chini. Nyuma kabisa, Mokaya akasimama na ovaroli yake ya grisi.

"Bwana meneja, uliniambia nirudishe, nikarudisha."

"Fundi, keti chini."

"Nimeketi mwaka mzima." Akaishikilia benchi ya mbele. "Pikipiki aliyoitengeneza ndugu yangu ilimbeba miaka mitatu. Ile uliyoitaka wewe haikumaliza wiki. Nilipokuwa nikikaza ile madigadi nilijua itashika matope. Nilijua, nikafanya mzaha, kwa kuwa niliogopa kufutwa kazi. Ondoa ile karatasi ukutani. Zacheus hakuharibu kitu. Tulioiharibu ni wawili, wewe na mimi, na yeye ndiye aliyeipanda."