Dereva Hakufa

Nyalenda, Kisumu
Jumapili, Mei 1988

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Naomba goti lako liwe limepata nafuu, na maji ya Ahero yasiwe yamewafungia njia huko Pap Onditi. Mimi na mjukuu wako Anyango ni wazima wa mwili. Zaidi ya hapo siwezi kujisifu, maana tangu Alhamisi mlango ukigongwa najificha jikoni, mtu mzima mimi! Jirani yangu Bwana Wahome, yule wa duka la misumari na rangi, amekamatwa. Amekamatwa kwa sababu ya kitabu cha hadithi, na aliyemponza ni mimi.

Kitabu chenyewe unakijua, kile kinene cha waziri anayemuua mwenzake huku dereva wake akiona kila kitu. Polisi wanamsaka mwandishi wake, lakini huku mjini kimezunguka mpaka majalada yanabanduka. Sisi wanne tulikuwa na nakala moja. Kila Jumamosi alasiri tulikutana nyumbani kwa Lornah, mwalimu ninayeimba naye kwaya, tukabishana mpaka chai ikapoa. Lornah alisema ni kirefu kupita kiasi, kwamba mikutano yote ya chama mtu angeiruka na asikose kitu. Wahome akasema hapana, hiyo mikutano ndiyo tamu yenyewe, kwa sababu yeye amewauzia wakubwa rangi na anajua ndivyo wanavyoongea wakishashiba. Alikuwa akisoma huku akijipiga paja kwa kicheko. Gordon, karani anayekaa Milimani kwa shemeji yake, hakukipenda hata kidogo. Alisema mwandishi ni mwoga. Amembebesha dereva siri kurasa mia sita, halafu anamuua kwa ajali bila kumwachia aseme neno! Akasema hiyo ni kazi ya mtu anayetetemeka, kisha akanitazama ili nimuunge mkono.

Ningenyamaza. Chai ilikuwa mdomoni, ningeimeza tu nikanyamaza. Lakini lile neno mwoga lilinichoma, nikaropoka kwamba dereva hakufa. Nikasema alitoka kwenye lile gari, akavuka mto Nyando kwa miguu, akawasimulia yote wavunaji wa mpunga, nao wakamficha. Lornah akauliza ni ukurasa gani huo. Gordon akachukua kitabu, akaanza kutafuta taratibu kwa kidole. Haukuwemo. Akaniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, mambo hayo nimeyasoma wapi.

Hapo ndipo Wahome alipoangua kicheko. Akasema lawama ni zake, yeye ndiye aliyenihadithia dukani mwisho wa kujitungia kwa kuwa ule wa kitabuni ulimuudhi. Uongo mtupu, Baba. Hakuwahi kunihadithia chochote. Alinitupia jicho mara moja tu, kisha akaomba aongezewe sukari.

Alhamisi wanaume wawili wenye suti wakaingia dukani kwake. Walitaka kujua huo mwisho mwingine aliupata kwa nani. Akawajibu ameutunga mwenyewe. Wakamwambia basi mwandishi ndiye yeye, wakamtia garini. Mkewe, Wahu, alikuwa palepale akipima misumari, na ndiye aliyenisimulia haya akilia. Kila siku anakwenda kituo cha polisi na chupa ya chai, anarudi nayo imejaa. Wanamwambia mtu huyo hawamjui.

Sijui nani alipeleka maneno. Lornah akiniona anavuka barabara. Jana Gordon alikuja hapa, akaketi bila kukaribishwa, akanishauri nifunge mdomo, eti Wahome si mtu wa kwetu, ana watu wake huko Nyeri watamtoa. Nikaitikia kwa kichwa. Jameni, niliitikia!

Baba, kama umesimama, keti. Pasaka ulisema mezani kwamba aliyeandika kitabu kile hana mzazi, maana mwenye mzazi hawezi kumletea balaa kama hilo mlangoni. Mama akacheka, na mimi nikaendelea kuchambua samaki wangu. Mzazi anaye, Baba. Ni wewe. Lile jina la kiume juu ya jalada si la mtu yeyote, nililibuni. Nilikiandika kwa mashine ya ofisini, wenzangu wakienda chakula cha mchana, na ule mwisho wa wavunaji wa mpunga ndio nilioupenda kuliko yote. Wachapishaji waliniambia dereva akiishi kitabu hakitoki. Nikakubali afe. Kwa hiyo Gordon alinigusa penyewe, na Wahome, nadhani, alinitambua siku ile ile.

Kesho asubuhi nakwenda kituoni kuwaambia mwandishi ni mimi, wamwachie mtu wa watu. Wasiponiamini, wanipe karatasi na kalamu, nitawaandikia sura ile mbele ya macho yao. Naogopa, Baba. Usidhani nimekuwa jasiri. Lakini siwezi tena kumtazama Wahu na ile chupa yake.

Barua hii anakuletea Anyango kwa basi la mapema. Hajui lolote, anadhani anakuja kumsaidia Mama kupalilia. Kondakta ni kijana wa kanisani kwetu, atamfikisha. Usiku anaogopa giza, mwachieni taa kidogo. Akiuliza nitarudi lini, usimdanganye, mwambie hujui.

Nisalimie Mama na majirani wote. Najua umekasirika, na una haki. Nikirudi, niketishe mbele yako unigombeze mpaka uchoke, sitajibu neno. Natamani sana kugombezwa na wewe, Baba.

Ni mimi binti yako,
Agneta Amolo