Vigelegele vya Kalenga

Jumatatu, 9 Juni
Harusi niliyopiga video kule Kalenga, Iringa, bado inanisubiri kwenye kompyuta. Nimepanga klipu mpaka kwenye keki. Baridi ya Mbeya leo haina adabu, nafanya kazi na blanketi magotini. Chai na mkate mkavu. Simu haijaita tangu juzi, isipokuwa kampuni ya simu ikiniuzia bando.

Jumanne, 10 Juni
Nimemtumia Mama Edina, mama wa bibi harusi, nakala ya kuangalia. Kajibu kwa ujumbe wa sauti, kafura. Yule bibi wa kitenge cha kijani ni nani? Ukoo mzima haumjui. Anadai nimechanganya na harusi ya watu wengine, maana siku hizi maturubai yote ni ya zambarau. Kama ni hivyo, hapokei kazi, na kanisani atasema. Wateja wangu wote wa Iringa nawapata kupitia kanisa hilo.
Mimi sichanganyi. Nimeumia. Ila na hofu ninayo.

Jumatano, 11 Juni
Umeme haukuwepo asubuhi nzima. Uliporudi nikaenda kwenye timeline, pale klipu zinapopangwa, nikasimama juu ya klipu ya yule bibi, nikabofya F. Hapo programu inakurudisha kwenye rekodi ambako klipu ilikatwa. Folda ya Kalenga. Nyuma yake Edina anashuka kwenye gari. Sijachanganya.
Nikamtumia Mama Edina picha. Baadaye akajibu: basi ni jirani, kazamia tu, kadi hakupewa. Mtoe.

Alhamisi, 12 Juni
Kumtoa ni lazima nijue alipo kila mahali. Nimeangalia rekodi zote. Anaingia peke yake. Anakaa mwisho kabisa, karibu na jenereta, na kiti cha pembeni yake kinabaki kitupu mpaka jioni. Anacheka hata MC asipochekesha. Edina anaposhuka, anayeanza vigelegele ni yeye. Mashangazi wenye sare wanafuata.
Halafu kipande ambacho sikukitumia. Anaisogelea kamera, uso unajaza kioo chote. Mwanangu, na wewe umekula? Sauti yangu: bado, bibi. Anaondoka, anarudi na sahani ya pilau. Picha inayumba, naipokea.
Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwezi huu hakuna mwingine aliyeniuliza. Nimelia.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemtoa. Uso wote, kila klipu. Kwenye mapengo nimeweka mashangazi.
Sauti sijaigusa.

Jumapili, 15 Juni
Mama Edina amepokea. Ana furaha. Anasema pale kwenye gari wamerudia na kurudia, vile vigelegele vinawatoa machozi, mashangazi wameupiga mwingi. Nimejibu asante, mama.
Jioni nimezima kompyuta mapema. Nimepika wali na maharage, nikakaa mezani kama watu.
Nimekula, bibi.