Hatua Zangu Hufupika Nikiwa Naye

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie, maana maji yamenifika shingoni na hapa kambini hakuna mtu ninayeweza kumwambia jambo hili asinicheke mpaka siku ya kuhitimu.

Mimi ni mwanafunzi wa jiolojia, mwaka wa pili, mrefu kiasi kwamba wenzangu wananiita Twiga, na tuko kwenye mafunzo ya uwandani, yaani tunashinda kutwa na nyundo, dira na ubao wa kuchorea, tunachora ramani ya miamba, na tumegawanywa wawili wawili, mmoja anasoma dira kujua mwelekeo, mwingine anahesabu hatua kujua umbali. Kabla ya kuanza, kila mhesabu hatua alitembea kando ya kamba ya kupimia ili ijulikane hatua yake ina urefu gani, na yangu ilitoka ndefu na sawasawa mpaka mwalimu akasema, "Huyu ni mashine." Nikapangwa na binti mmoja mfupi, ananifika kwenye kiwiko, hodari wa dira kuliko sote, halafu anaongea na mawe, akikuta tabaka lililopinduka analiuliza, "Wewe nawe, nani kakulaza kifudifudi?" na mshauri, nilimpenda kabla hatujamaliza kilima cha kwanza.

Sasa ona nilivyojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Kwenye barabara pana ya kando ya mto tulitembea bega kwa bega, au tuseme bega kwa kiwiko, nami sikutaka aachwe nyuma wala anikimbilie, nikawa nafupisha hatua bila hata kujijua huku kila hatua naihesabu kwa urefu ule ule wa kwenye kamba, na wakati wa kurudi tulipita njia nyembamba ya kilimani, mimi mbele yeye nyuma, nikatembea kama ninavyotembea siku zote. Tulipochora, njia iliyotakiwa kurudi pale pale ilipoanzia, kwenye geti la kambi, ikaishia katikati ya mto! Mwalimu akanirudisha kwenye kamba, nikatembea peke yangu, hatua zikatoka vilevile, akasema basi kosa ni la dira. Mwenzangu akanitazama, akainamisha kichwa, akasema, "Labda ni mimi, mwalimu." Nami nikanyamaza.

Ndipo nilipogundua nilichofanya, na bado nimenyamaza. Mwalimu amesema ramani isiporekebishwa kabla ya siku ya kuwasilisha, binti atarudia mafunzo haya mwaka ujao na mimi nitaendelea. Nikisema ukweli itabidi nieleze kwa nini nilifupisha hatua, darasa zima likisikia, na yeye mwenyewe akiwa amesimama hapo. Nikikaa kimya namharibia masomo mtu ninayempenda. Nifanyeje?

Twiga, kambini

*

Mwanangu Twiga, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakunja uso.

Kumpunguzia mtu hatua ili asihangaike ni upole, na aliyekulea apewe hongera. Lakini kumwacha mtu huyo huyo abebe lawama yako, wewe umesimama pembeni na urefu wote huo umefumba mdomo, hiyo ni aibu na sitaipaka sukari. Twiga wa porini hana sauti, sawa, wewe unayo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imerefuka mpaka imetumbukia mtoni.

Unachanganya mambo mawili. Mwalimu hana haja ya kujua unampenda nani. Mwambie, "Dira haina kosa. Barabarani nilifupisha hatua ili niende sawa na mwenzangu, na sikukumbuka kuzipima upya." Basi. Mwambie asubuhi, kabla hujanywa chai, maana ukishashiba utapata visingizio. Wenzako watacheka, na mtu mwingine akiteleza mtoni watakusahau.

Halafu fanyeni kazi. Tandazeni tena ile kamba, utembee kandokando yake huyo binti akiwa ubavuni mwako, mkiongea kama siku ile, na mwalimu ashuhudie. Hiyo ndiyo hatua yako ya barabarani. Rudieni hesabu ya upande wa mto kwa hatua hiyo, ya kilimani muiache ilivyo, na njia itarudi getini. Isiporudi, mtaipima barabara nzima kwa kamba, na jua lako hilo utalivumilia.

Sasa hili la moyo. Mimi ni mfupi. Mume wangu ni mtu mwema, lakini tangu tuoane ananitangulia njiani, nami namfuata mchakamchaka huku nikimwita. Sisi wafupi tumezoea kuwakimbilia watu. Siku tusipokimbia tunajua, na tunajua ni kwa sababu ya nani. Huyo binti alipokutazama mbele ya mwalimu alikuwa ameshajua kosa lilipo, akaamua kukusitiri. Wewe ulidhani anainamisha kichwa kwa sababu ya dira?

Kwa hiyo kabla hujafika kwa mwalimu, pitia kwake. Mwombe radhi, tena bila kuzunguka. Kisha mwombe atembee nawe kwenye hiyo kamba. Na kamba ikiisha, mwanangu, si lazima msimame.