Nimekoroma kliniki ya wajawazito

Majidi, leo nimeaibika. Kliniki ya Mtendeni sipiti tena!

Anifa mwanangu ana mimba ya miezi saba, wiki ya pili hii hapati usingizi. Mumewe yuko Usinge, kwenye tumbaku. Wakubwa nao wameweka sheria yao kliniki: anayekuja na mwanamume anahudumiwa kwanza. Nikaenda mimi, baba mtu.

Nesi akasema alalie ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Halafu: "Mzee, panda wewe kitandani ujifunze, ukamsimamie nyumbani."

Mimi! Mbele ya wajawazito ishirini!

Nikapanda. Majidi, nikalala. Nikakoroma!

Tangu mama Anifa afariki sijalala vile. Nashtuka nimefunikwa kanga, nesi anawaambia, "Mmeona, kina mama? Dawa inafanya kazi."

Kanga, Majidi!

Kosa ni la serikali. Unamwekea mgane godoro laini la nini?

Nikamtafuta Anifa nimgombeze kwa kutoniamsha. Kumbe yuko kwenye benchi, kichwa ukutani, kalala fofofo.

Nesi akaninyooshea kidole: "Ukimwamsha, nakufukuza."

Bado tupo hapa. Wenzetu wote wameondoka, mfagiaji anatuzunguka, na simwamshi.