Marahaba Kwenye Rekodi

Alhamisi, 12 Juni

Kipindi cha redio nimekipata chote. Kilimo cha maharage, na mgeni mmoja aliyeongea kwa pua. Simu ya Mama Lightness ndani ya kikombe, inaongea. Yangu pembeni, inasikiliza. Ndivyo tunavyorekodi sisi wawili. Wajanja wana njia zao, hii yetu haijatutupa.

Mama Lightness ni jirani yangu hapa Bigwa. Mpare, mstaafu wa kiwandani. Ndiye aliyenionyesha ile alama nyekundu ya kubonyeza. Sharti lake ni moja tu: kimya. Mimi na kimya hatujawahi kupatana.

Narekodi kwa ajili ya Dada Mwanahawa. Yupo juu mlimani, ukishapita Kinole, kwenye bonde ambalo mtandao haufiki. Redio hii ni ya mtandaoni, ikishapita imepita, hawaiweki popote. Basi kila Jumamosi nampelekea redio yake mfukoni.

Shule sikwenda. Herufi nilizipata ngumbaru, darasa la watu wazima, mtoto mgongoni. Mwandiko huu nausoma mwenyewe. Yatosha.

Jumamosi, 14 Juni

Pikipiki mpaka mwisho wa barabara, halafu miguu. Magoti yanalia.

Dada haoni. Sijaandika hivi kabla ya leo kwa sababu sikutaka. La kushoto limekuwa jeupe kabisa, la kulia nalo limeanza ukungu. Mtoto wa jicho. Wiki iliyopita aliitolea salamu kanzu iliyoanikwa kwenye kamba, akidhani ni mwalimu wa madrasa. Akachukia kwamba haikumwitikia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaona mkono wake. Ameungua. Alishika sufuria akitafuta mfuniko.

Tumesikiliza maharage. Kamshinda yule mgeni kwa hoja, ingawa hakuwepo.

Ndipo nikamwambia: madaktari wa macho wanakuja kituo cha afya huku huku mlimani, Jumanne tarehe mosi. Wanatoa mtoto wa jicho. Kakataa. Bi Tatu wa nyumba ya pili kamwambia jicho linachokolewa, linawekwa kwenye sahani, linaoshwa kwa spiriti, linarudishwa. Na kuna mtu wake, jicho lilirudishwa upande, sasa linatazama kwapa.

Nikasema Bi Tatu muongo tangu ana meno ya utoto. Dada akasema yeye hakujaliwa mtoto wa tumboni, Mungu kampa huyu wa jicho, wamwachie.

Siwezi kugombana na mtu anayechekesha. Lakini tumegombana. Nimeondoka bila kula. Magimbi yalikuwa yameiva. Nayafikiria mpaka sasa.

Jumatatu, 16 Juni

Hasira ipo palepale.

Mama Lightness kaniita kwenye ua. Alhamisi kipindi ni cha macho. Daktari mwenyewe atakuwepo, ataeleza kila kitu. Nimemshika mabega nikamtikisa, miwani ikaanguka kwenye majivu.

Dada hanisikii mimi. Kwake mimi ni mtoto tu. Nina miaka sabini na kitu na bado ananiita mtoto, kwa sababu mama alipokufa ni yeye aliyenilisha uji kwa kidole. Lakini redio huisikiliza. Anaamini mtu asiyemjua kuliko aliyemlea. Sawa. Nitampelekea asiyemjua.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeharibu.

Tulijiandaa vizuri. Kuku nje. Mlango umefungwa. Mtwangaji wa jirani tulimwomba apumzike. Mama Lightness akaweka kidole mdomoni kabla hata hajabonyeza.

Daktari akaanza. Sauti nzuri, binti mdogo kwa kumsikia. Akasema shikamooni wazee wetu mnaotusikiliza. Mimi nikaitikia. Marahaba mwanangu, hujambo, watoto hawajambo. Kwa nguvu. Lilitoka lenyewe. Mtoto wa watu kakupa shikamoo, unyamaze? Mimi si kanzu ya kwenye kamba.

Kama ningeishia hapo. Sikuishia. Yeye akieleza, mimi namjibu. Kasema wengine wanaogopa. Nikasema anaogopa nini na ni mbuzi yule, mbuzi jike mwenye kiburi. Mama Lightness ananikonyeza, ananipungia kanga, mimi simwoni. Daktari kafika penyewe, pale pa jicho linavyobaki mahali pake, pale hasa nilipopataka, na mimi ndipo nimeanza kulia. Nimelia na kusema. Nikapenga kamasi.

Tulipoirudisha kusikiliza, nilitamani kujificha chini ya kitanda. Daktari yuko mbali kama yuko kisimani. Mimi niko mbele. Pale pa jicho kubaki mahali pake hakuna daktari, kuna mimi.

Mama Lightness hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kawaandikia ujumbe wale wa redio, warudie.

Jumamosi, 21 Juni

Sikupanda mlimani. Kwa Mama Lightness nimesingizia goti.

Alhamisi, 26 Juni

Hawakujibu ujumbe. Hawakurudia. Wameweka mpira. Watu wawili wanabishana saa nzima kuhusu penalti ya juzi.

Zimebaki siku tano. Naogopa. Naandika hivyo hivyo, naogopa. Jicho la kulia nalo likifunga, atakaa mlangoni akisikiliza miguu ya watu. Na hatakubali kuja kukaa kwangu, namjua.

Kilichopo ni kile kibovu. Mama Lightness anasema kipeleke. Nimemwambia nimemwita dada yangu mbuzi. Kasema basi huyo mbuzi ana haki ya kujua.

Jumapili, 29 Juni

Nimetoka huko sasa hivi. Nimekaa kuandika kabla ya kuvua viatu.

Nilimkuta anamenya maharage kwa kupapasa. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa ubaridi. Hakuuliza Jumamosi zote mbili nilikuwa wapi. Nikaiweka simu kwenye kikombe, nikabonyeza, nikatoka mpaka kizingitini niwe tayari kukimbia.

Daktari akasema shikamooni wazee wetu. Dada akaitikia, marahaba. Papo hapo na mimi wa kwenye simu nikaitikia, marahaba mwanangu. Dada kageuza shingo huku na huku. Kauliza nani mwingine kaingia ndani.

Nikamwambia ni mimi. Wa Alhamisi ile.

Akasikiliza yote. Mbuzi akamsikia. Kamasi akazisikia. Mikono ikaacha maharage. Ilipokwisha akasema nirudishe. Nikarudisha mwanzo, nikamtafutia daktari.

"Siyo huyo," akasema. "Wewe."

Nikamtafutia mimi. Pale ninapolia. Ninasema hivi, nimeyasikia mara tatu leo mpaka nimeyakariri: kaka zetu nimezika wote, mume nimezika, akipofuka huyu nani atanitazama anione bado mtoto? Watu wote waliobaki wananijua bibi kizee. Ni yeye tu anayenijua nilivyokuwa.

Mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anatikisa kichwa taratibu.

"Mimi ndiye mbuzi?"

"Ni wewe, dada."

"Jike?"

"Ndiyo."

Akarudi kwenye maharage. Kamenya kama matano hivi. Halafu kasema Jumanne nije mapema, yeye hapendi kungojewa na watu. Na nije na kanga yangu, yake imechakaa, hawezi kwenda kuaibika mbele ya madaktari.

Nimekula magimbi. Nimekula mengi.

Jumanne, 1 Julai

Benchi la mbao tangu asubuhi. Bi Tatu naye kaja, anadai kumsindikiza mgonjwa. Kakaa mwisho wa foleni ya macho. Nimemwona. Sijasema kitu. Nimejikaza mno.

Dada kaingia na kanga yangu begani. Nilikaa nahesabu misumari ya mlango. Sikuwahi kuogopa hivi hata nikizaa.

Katoka kabla ya adhuhuri, jicho la kushoto limefungwa bandeji. Anasema hakusikia maumivu. Nesi alimsindikiza nje huku anacheka. Kumbe dada kamuuliza sahani iko wapi. Kaambiwa hakuna. Kauliza tena, waliificha au kweli hakuna.

Tumelala huku huku, nyumbani kwake. Kesho wanafungua.

Jumatano, 2 Julai

Wamefungua.

Nilikuwa nimesimama mbele yake. Nesi katoa pamba, kampangusa. Dada kapepesa. Kamtazama nesi. Kautazama ukuta. Halafu kanitazama mimi, muda mrefu, mpaka nikaona haya kama bibi harusi.

"We mtoto," akasema. "Umezeeka."

Nimelia mbele za watu na sijali. Nesi kaniuliza kama nami naumwa. Nimemwambia mimi nimepona.

Njia nzima anasoma vitu. Mti ule umekatwa. Bati la fulani limeshika kutu. Nyumba ya Bi Tatu chafu, kumbe. Nimechoka kumjibu. Mungu asifiwe, nimechoka kwa raha.

Jumamosi, 19 Julai

Nimepanda na kipindi cha ufugaji wa nyuki. Upepo wa baridi. Dada kanipokea nje, kaniona tangu kwenye migomba, kaita jina langu kabla sijampa shikamoo.

Jicho la kulia watakuja kulitibu mwezi mwingine. Kasema mwenyewe atakwenda. Sikumgusa hata kwa neno.

Simu imeniandikia imejaa, nifute. Nimefuta maharage. Nimefuta mawaidha mawili, Mungu anisamehe. Nimefika kwenye ile mbovu, kidole kikasimama. Dada alikuwa anatazama begani kwangu. Hajui kusoma, lakini alama ile ya kufutia ameshaijua. Kausogeza mkono wangu, akarudi kwenye ungo.

Alikuwa anachambua mchele. Mwenyewe, mlangoni, kwenye mwanga. Kaniambia mchele niliomletea una mawe, kwangu siku zote wanakula mawe, na mimi sioni.

Nikaiweka simu kwenye kikombe, nikabonyeza ile ile. Daktari akatoa shikamoo yake. Tumeitikia watatu.