Ndugu wa Ziwa Moja

Alunguli, Kindu
14 Februari 1977

Kwa mdogo wangu Kasimu,

Salamu nyingi sana, nyingi kuliko mchele wa Kibombo wakati wa mavuno. Habari ya baridi ya Ubelgiji? Sisi hapa wazima, Mama mzima, majirani wazima, hofu yetu ni kwako tu.

Barua yako nimeisomea Mama barazani, watu wakajaa kama kwenye msiba. Kusikia kwamba umekuwa mpasuaji kamili, na profesa mwenyewe amekuchagua kwa utafiti wake, nilijivuna mpaka nikaunguza wali. Lakini uliandika kwamba unajifunza kuhamisha figo, na Mama akasikia mafiga. Akauliza mbele ya wote: "Kasimu alienda mbali vile juu ya kuhamisha mafiga? Mafiga hata mimi nahamisha, mvua ikianza!" Watu walicheka hadi machozi.

Nilipomweleza kuwa ni figo, zile za mbuzi anazopenda za kuchoma, alijishika kiuno. Kisha akataka kujua kama ni kweli unajaribia kwanza kwa mbwa. "Mwulize kama anaosha mikono mara saba, na moja na udongo, vile sheria ya dini inasema." Nijibu kwa maandishi, tafadhali, maana hanipi usingizi.

Mimi bado nafundisha kule Mikelenge. Kila asubuhi navuka mto kwa mtumbwi wa Masudi, na Masudi kila asubuhi ananiuliza daktari wetu anarudi lini.

Yaya wako,
Mwanvua


Bruxelles
3 Aprili 1977

Kwa yaya wangu mpenzi, dada yangu mkubwa,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inawakuta katika afya njema. Mimi mzima, baridi imepungua, nabusu mikono ya Mama.

Mwambie naosha mara saba. Udongo nauiba kwenye chungu cha maua cha katibu wa profesa, na yule mama anaamini nina kichaa.

Kazi yenyewe ni hii, yaya. Kushona figo ndani ya mtu si kazi kubwa: mishipa miwili na mrija mmoja, fundi cherehani mwenye subira angefundishika. Kazi ni kumkalisha mgeni. Mwili una wivu. Unaletewa figo ya mtu mwingine, unaipokea vizuri, halafu unaanza kuuliza: huyu ni mtoto wa nani? Ya ndugu wa damu mara nyingi unaivumilia. Ya mtu baki unaifukuza, na mara nyingine mgonjwa anaondoka nayo. Mwezi uliopita tulimpoteza hivyo mama wa watoto wanne. Nilikaa na mume wake hadi ndugu zake walipofika.

Nataka siku moja figo ya mtu baki ikae mwilini kama mgeni anavyokaa Kindu: siku mbili anakula, ya tatu anapewa jembe, na hakuna anayemwuliza tena alikotoka.

Mdogo wako,
Kasimu


Alunguli, Kindu
20 Novemba 1981

Kwa Kasimu wetu,

Salamu tele. Sisi hapa wazima kabisa, hatuna neno.

Daktari Matata wa hospitali amepokea gazeti la madaktari la Kifaransa, jina lako limo! Alikuja nalo hadi shuleni, akanionyesha mbele ya wanafunzi. Nililigusa kwa kidole, Kasimu. Mtoto aliyekuwa akilia kwa kuchomwa mwiba, leo Wazungu wanasoma alichoandika kabla hawajashika kisu.

Na Mama amekuwa hashikiki. Tangu uliposema dawa yenu mpya ya kuzuia mwili usifukuze figo imetoka kwa kuvu wa udongo, anatembea Alunguli nzima akisema: "Mimi njo nilimwambia udongo!"

Habari nyingine ni za uzee tu. Viatu vyangu vya kufundishia vimenibana, nimempa Jamila wa jirani, sasa navaa kandambili. Asubuhi uso unaamka umevimba, wanafunzi wananiuliza nani amekufa. Sombe la Mama, majani yake ya muhogo, lina ladha ya chuma siku hizi, nadhani ni ile sufuria mpya. Kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, wananiacha nikae kivulini, maana pumzi inakatika. Lakini mimi mzima, usiwe na wasiwasi.

Yaya wako,
Mwanvua


Bruxelles
8 Desemba 1981

Yaya,

Si sufuria. Si uzee. Nenda kwa Matata siku ile ile unayopata barua hii. Apime mkojo, apime damu, apime presha, aandike na kundi la damu yako. Acha chumvi.

Miaka hii yote nawasomea wagonjwa nisiowajua, kumbe mgonjwa wangu mwenyewe alikuwa ananiandikia kutoka nyumbani. Ikiwa ni ninavyodhani, figo zako zinakufa, na huko Kindu hakuna wa kuzisaidia. Lakini nina mbili, na moja inanitosha. Sisi tumenyonya ziwa moja, mwili wako utaipokea.

Kasimu


Alunguli, Kindu
17 Januari 1982

Kwa mdogo wangu Kasimu,

Salamu nyingi, na za kwako pia nazituma humu humu, maana ulizisahau. Barua isiyo na salamu! Mama alipoona naanza kusoma bila "hatujambo" alidhani umekufa, akapiga yowe, na kabla sijafika mstari wa pili Jamila alikuwa ameshafika na kitambaa kichwani. Ilibidi tuwapikie watu chai kisha tuwarudishe.

Matata amepima. Ulivyosema ndivyo ilivyo, figo zimechoka sana. Uliniona kutoka mbali vile, kwa viatu na sufuria! Naogopa, sikufichi, lakini pia najivunia.

Mama alimlazimisha Matata apime na yeye. "Ya kwangu itoke kwanza, mimi niliisha kula chumvi nyingi." Matata alimweleza kuwa umri umepita, ila kundi la damu aliandika: la Mama ni O, langu AB. Kuhusu yako, Mama anasema figa moja haliinjiki chungu. Nami nasema vile vile. Nani atapasua watu ukiwa umepasuliwa?

Karatasi za kutoka nchini nimezipeleka. Pale ofisini waliniuliza kadi ya Chama mara tatu, nikawaonyesha mara tatu.

Yaya wako,
Mwanvua


Bruxelles
26 Februari 1982

Kwa yaya wangu Mwanvua,

Asalaam aleikum. Mimi mzima. Namwombea Mama uzima, nakuombea wewe zaidi.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nilidhani Matata amekosea, nikazungumza naye kwa foni, ile redio ya misheni, akapima upya. Ni yale yale. Yaya, mama wa kundi O hazai mtoto wa AB. Haiwezekani.

Mwulize Mama. Mwulize polepole. Kwangu hakuna kitakachobadilika, naapa. Ila kamati ya hospitali hapa inakubali mtoaji akiwa ndugu wa damu tu, na fomu yao bado sijaijaza.

Mdogo wako,
Kasimu


Alunguli, Kindu
30 Machi 1982

Kwa Kasimu,

Salamu. Mama mzima.

Nilimsomea. Hakushtuka hata kidogo, aliendelea kuchagua mchele. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Nani aliwaambia damu? Mimi nilisema ziwa. Mama yako alikuwa Geneviève, rafiki yangu wa kule Kama. Alikuja kuzalia kwangu, akakufa palepale. Baba yako alirudia kwenye mashimo ya dhahabu, hatukumuona tena. Mutoto wangu wa kwanza tulikuwa tumemuzika juma ile ile. Ziwa yangu ilijaa, inauma. Nikakutia, ukashika. Kasimu alikuta wewe njo mwenye nyumba. Sasa munauliza nini?"

Nililia, Kasimu. Kisha nilimtazama na mchele wake nikacheka, maana kweli hajawahi kutudanganya. Nilikwenda kanisani kumwombea Geneviève, nikarudi msikitini nikamwombea tena.

Lakini sasa mimi ni yule mtu baki wa utafiti wako. Uliniandikia mwenyewe kwamba mwili humfukuza mgeni. Nikiipokea figo yako halafu niifukuze, utakuwa umebaki na moja na mimi sipo. Sikubali. Baki mzima, upasue wengine.

Mwanvua


Bruxelles
11 Mei 1982

Kwa yaya wangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, na leo nina hasira, kwa hiyo nisikilize.

Mtu baki ni nani? Nani alinibeba mgongoni kuvuka mto siku ya kuingia shule? Kwa sheria yetu, ziwa limekufanya ndugu yangu kiasi kwamba hata ndoa imeharamishwa kati yetu. Kamati nimewaambia hivyo hivyo. Walinitazama kama katibu anavyonitazama juu ya udongo wake. Ndipo profesa wangu mzee akasema polepole: "Frère de lait." Kumbe Kifaransa kina neno hilo, ndugu wa maziwa, ila walikuwa hawajalitumia muda mrefu. Naye aliwahi kuwa na mmoja, mtoto wa mkulima, amekufa vitani. Wakatia sahihi.

Hatari ipo, sitakuficha. Lakini nina wagonjwa wanaotembea na figo za watu wasiowajua kabisa, kwa dawa ile ya udongo, kwa kipimo tulichokitafuta miaka yote hii. Nilidhani nafanya kazi hiyo kwa ajili ya Wabelgiji.

Utaanza na mashine ya kusafisha damu, kisha profesa atatupasua sote wawili. Utakaa huku, karibu na dawa, pengine miaka. Wanafunzi wako watakukosa, najua. Karatasi zikitoka, panda ndege ya kwanza.

Mdogo wako,
Kasimu


Bruxelles, chumba cha wanawake
Jumatano, 6 Oktoba 1982

Kwa mdogo wangu Kasimu, chumba cha mwisho wa korido,

Salamu nyingi. Habari ya ubavu wako ulioshonwa? Muuguzi anasema huwezi kusimama bado, nami nimekatazwa kushuka kitandani, basi analeta barua hii yeye. Kiswahili hakijui, kwa hiyo nitaandika bila haya.

Mimi ni mwalimu, nimelelewa na Mama, na neno hili sijawahi kumwandikia mwanamume yeyote. Tangu nifike huku na kufungwa kwenye mashine, ilikuwa hata tone halitoki. Leo asubuhi profesa mzee aliinama akatazama mfuko ulioning'inia chini ya kitanda changu. Akawaita wenzake. Walisimama pale watu wazima, wenye miwani, wanatazama mfuko. Kisha akanishika mkono, akaniambia bado tuna majuma mengi ya kungoja, lakini kazi yako yote, Kasimu, iko mle ndani, nitazame.

Nikatazama. Nimekojoa, mdogo wangu. Mfuko umejaa, na wanaleta mwingine.

Yaya wako,
Mwanvua