Mashine Mbili za Mjane wa Kericho

Kambi ya Juu, shamba la chai,
Kericho.
Jumapili, Juni 1995.

Mke wangu mpendwa, Mama Akinyi,

Nakuletea salamu nyingi kuliko majani niliyochuma tangu Jumatatu, na nyapara wetu ni shahidi kwamba wiki hii sikulala kazini. Hamjambo huko nyumbani? Mguu wa Mama unaendeleaje, bado anashika ukuta akitoka nje au sasa fimbo inamtosha? Odhiambo ameacha kula udongo? Na wewe mwenyewe, kile kichwa kilichokuwa kikikugonga wakati wa palizi kimepoa? Mimi ni mzima. Kifua kinakoroma kidogo asubuhi, maana unakumbuka jinsi umande wa huku unavyopenya hata aproni ya plastiki, lakini uji ukishaingia tumboni kinanyamaza. Kisichonyamaza ni moyo. Nina hamu nawe sana, Mama Akinyi. Nimeona niliseme hilo mapema kabla sijaanza kuzunguka, kwa sababu unanijua kwa kuzunguka.

Nimeandika Kiswahili kama kawaida yetu, lugha iliyotukutanisha kwenye foleni ya mizani ya chai, wewe binti wa Bunyore na mimi mtu wa ziwani, kila mmoja akiona lugha ya mwenzake ni ya ndege. Mama akikuuliza nimesema nini humu, mwambie namsalimu. Hutakuwa umedanganya.

Barua yako niliipata, karani wa kambi aliniletea mpaka shambani. Niliisoma nimesimama katikati ya chai, kikapu mgongoni. Ulikuwa na habari nyingi nzuri, mahindi, ng'ombe, paa lililozibwa, lakini mimi niliganda kwenye swali moja: hiyo mashine unayotaka kununua, utaiweka wapi? Hukuongeza neno. Ungelalamika ningejua la kujibu, maana kulalamika kwako nimekuzoea. Lakini uliuliza tu, ukaenda kwenye habari za kuku. Na ninajua sasa hivi macho yako yanaruka mistari yakitafuta jibu. Usiruke. Nisome polepole, kama tunavyozungumza.

Unakumbuka tulivyopanga ulipoondoka hapa. Miguu ya Mama ilikuwa imekataa, mtu wa kumwinua hakuna, ukafunga vitu ukabeba watoto ukaenda. Mimi nibaki mwaka mmoja kwenye chai, nijilimbikizie akiba, ninunue mashine ya kiwandani ya kushonea ngozi, niache kuchuma. Wakati ule nilikuwa nashona mikanda ya vikapu tu, ile inayokata mabega ya watu ikichakaa. Kazi ikakua. Sasa wananiletea viatu, mikoba ya shule, mikanda ya ndama, hata mpira wa timu ya kambi. Vidole vyangu vimekuwa vigumu kama kwato kwa kuvuta uzi kwa mkono. Na mwaka mmoja ukazaa mwingine, nao ukapata mjukuu.

Halafu ikaja ile Pasaka. Sijawahi kukwambia jinsi ilivyoniuma. Nilipofika, Akinyi alinitolea kiti, kile cha wageni chenye kitambaa, akaniletea maji ya kunawa, akasimama kando amekunja mikono kwa adabu. Adabu umemfundisha, nakushukuru. Lakini jioni nilimsikia jikoni akikuuliza mgeni ataondoka lini, ili ajue kama atarudishiwa kitanda chake. Ulimnyamazisha. Mimi niliendelea kula kama sikusikia, na samaki yule sikumwona ladha.

Sasa nikwambie ya mashine, lakini nianze na aibu iliyonipata kwanza, maana ndiyo iliyoniokoa. Unamkumbuka Mama Chelang'at, yule Mkipsigis wa upande wa Kabianga anayeleta maziwa kambini? Mwanawe alikuwa karibu kutoka jandoni, na wao siku kama hiyo lazima kuwe na mursik, yale maziwa yanayolala kwenye kibuyu mpaka yanaiva. Aliniletea vibuyu vyake nivivike ngozi mpya shingoni na kwenye kifuniko, na mkanda wa kuning'iniza. Mimi nikaona hii ni kazi ya asubuhi moja. Nikapaka gundi ya viatu, nikabandika ngozi, nikapiga nyuzi chache juu yake kwa ajili ya urembo. Vilipendeza. Nikajisifu.

Baadaye akarudi na kibuyu kimoja, hajakasirika, uso mtulivu tu. Akafungua kifuniko akakisogeza puani pangu.

"Baba Akinyi, nusa. Hii ni maziwa ama ni kiatu?"

Kibuyu hunywa harufu, mke wangu, na mimi nilikuwa nimekivika gundi kama soli. Maziwa yote aliyokuwa akiyatunza kwa siku ya mwanawe ilibidi yamwagwe nyuma ya nyumba. Alikuwa na haki ya kunitangaza kambi nzima. Badala yake aliketi kwenye kizingiti akanionyesha wanavyofanya kwao: ngozi mbichi iliyolowekwa, unaivuta ikiwa laini, unaishona pole kwa pole bila gundi yoyote, unaiacha ikauke yenyewe, inakaza mpaka huwezi kuingiza ukucha. Nilivirudia vyote mbele yake. Akaomba maziwa kwa dada zake, siku ya kijana ikapita salama, na mimi nikaitwa kula. Tangu hapo sibandiki ngozi mahali kabla sijajaribu kipande kwanza, nikakivuta, nikakinusa. Natembea na vipande mfukoni kama mtu wa tumbaku.

Basi, kanisani nikasikia kuna mjane mjini Kericho, marehemu mumewe alikuwa fundi wa viti vya magari na matandiko, na anauza vyombo vyake. Jumamosi nikaomba ruhusa, nikashuka. Ni mama wa Kikuyu, mtu mzima, mfupi, wanamwita Mama Njoki. Karakana iko nyuma ya nyumba yake na bado inanuka ngozi na mafuta ya mashine. Kulikuwa na mashine mbili. Moja mpya mpya, ya stima, rangi ya maziwa, meza yake pana na mota chini. Ya pili nyeusi, ya zamani, chuma kitupu, ina mkono mrefu mwembamba unaoweza kuingia ndani ya kiatu, na gurudumu kubwa la kuzungusha kwa mkono ubavuni. Hiyo ya pili sikuipa hata salamu.

Nilikaa kwenye ile ya stima. Mama Njoki akanipa kitambaa cha jinzi, nikagusa pedali kidogo tu, na mashine ikaruka. Mama Akinyi, kitu kile kinakwenda mbio! Unajua sisi watu wa chai tulivyo. Tumezoea kulipwa kwa kilo, mikono miwili inakimbizana tangu alfajiri, na mtu akiona kitu chenye kasi moyo unacheka wenyewe. Papo hapo nikaanza kupanga kichwani: nitakodi kibanda mjini chenye stima, nitashona mikoba kutwa, nitawatumia nyumbani zaidi, mwaka mmoja mwingine tu. Ndiyo, niliyasema tena maneno hayo, kimoyomoyo. Nikamwambia mama nimeichukua.

Alisema vijana wote wanaipenda hiyo, akaenda kutafuta kitambaa cha kuifutia vumbi. Na mimi, kwa mazoea tu, nikatoa mfukoni kipande cha mkanda wa kikapu, ngozi iliyokunjwa mara mbili, nikakiweka chini ya sindano. Ikashona hatua chache ikaanza kuruka, nyuzi ndefu hapa, fupi pale, ngozi ikakunjamana juu huku chini imebaki nyuma. Nikaongeza kasi. Sindano ikakatika, ikanipita karibu na jicho. Mashine ile ni ya mashati, mke wangu, ya viwanda vya nguo. Ningeibeba kwa shangwe na ingeshona kila kitu isipokuwa kazi yangu.

Mama Njoki akaweka chini kitambaa chake cha vumbi. Akavuta kigoda hadi kwenye ile nyeusi, akaketi upande wa gurudumu, akanionyesha niketi upande wa sindano. "Wewe ongoza ngozi," akasema. "Mimi nitageuza. Ndiyo tulikuwa tunafanya na mzee."

Akazungusha. Mguu wa ile mashine unatembea, unainuka na kuuma ngozi na kuivuta wenyewe, hatua kwa hatua, na sindano inaingia kama haioni unene. Mwendo wake ni wa mtu anayetoka kanisani. Lakini nyuzi zilijipanga sawasawa juu na chini, na nilipovuta kwa nguvu zangu zote hazikusogea. Alinieleza kwamba kazi fupi kama kiatu mtu mmoja anaiweza, mkono huu unaongoza, huu unageuza. Kazi ndefu kama mkanda wa kikapu au mto wa kiti inataka watu wawili, la sivyo mshono unapinda. Na haihitaji stima hata chembe.

Hapo ndipo nilipolikumbuka swali lako. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mashine, na kumbe nilikuwa naulizwa ninataka kuishi wapi. Ile ya stima ingenifunga Kericho kwa waya wake. Hii nyeusi inapanda juu ya basi la Kisumu ikiwa imefungwa magunia.

Nimenunua nyeusi. Nayo inakuja nyumbani, na mimi nayo. Jibu lako ndilo hilo.

Vyombo vingine alinipakia kwenye mfuko wa unga: kisu cha mviringo cha kukatia ngozi, nyundo yenye uso laini, panchi za matundu makubwa na madogo, na chuma cha kuvalishia viatu. Kipande cha nta cha kupaka uzi nilikitaka sana, cha zamani, kimeliwa katikati na kidole gumba cha marehemu. Hicho alikirudisha mfukoni mwake akasema nitafute kingine.

Nisikufiche, naogopa. Huku wateja wananijua, huko nitaanza upya, na nikishaaga chai, chumba cha kambi nacho kinakwenda. Lakini wewe ndiwe uliyeniandikia kwamba vijana wa boda boda wa pale sokoni wamechoka kubeba abiria kwenye mbao, wanatafuta mtu wa kuwashonea mito ya baiskeli. Na ngoma za kanisa zimepasuka ngozi. Na hakuna mtoto asiye na mkoba uliokatika mkanda. Tutakula, hata kama ni kidogo kidogo. Nyapara nimemwambia. Aliguna, halafu akaniletea viatu vyake nivimalize kabla ya kuondoka. Mwisho wa mwezi nitakuwa njiani. Mama Chelang'at ameahidi kunipa kibuyu kimoja nikuletee, naye amecheka akasema nisikiguse kwa gundi.

Naomba uifagilie mashine ile kona ya nyumba yetu karibu na dirisha, mahali pakavu. Akinyi usimwambie kitu. Akinitolea kile kiti cha wageni, nitakikalia, halafu asubuhi anikute bado nipo, na kesho yake, mpaka achoke kukitoa.

Nisalimie Mama, mwambie mwanawe anarudi na miguu miwili mizima, ampumzishe mke wake kumwinua. Msalimie kaka yangu mkubwa na shemeji, na umwambie kaka nitahitaji mabega yake siku ya kushusha chuma hicho stendi. Wazazi wako kule Bunyore wape pole kwa msiba wa jirani yao, na baba mkwe nimesikia viatu vyake vya ibada vimefunguka midomo, aviweke. Mama jirani anayekusaidia kuteka maji, mwambie nina deni la shukrani kwake.

Kuna jambo moja nimeliacha, nalo nimelizunguka barua nzima. Tulipomaliza kujaribu ile mashine, Mama Njoki hakuliachia gurudumu mara moja. Aliniuliza, na wewe nani atakugeuzia? Nikamwambia, mke wangu. Nilisema haraka, bila kufikiri, kama mtu aliyekuacha nje mlangoni dakika hiyo. Miezi mingi sana sijalitamka neno hilo mbele ya mtu, na lilipotoka sauti yangu ilikatika, ikabidi nijifanye nakohoa. Yule mama akanipa maji. Akaniuliza kama umekubali. Nikamwambia ndiyo, amekubali.

Nimekujibia kabla ya kukuuliza, Mama Akinyi. Sasa nakuuliza.

Mumeo anayefunga magunia,
Baba Akinyi